Trei Moja Zaidi

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa mwezi wa tano, saa nne na robo asubuhi, wakati wafanyakazi wote wa chumba cha mwisho wamesimama mstari mmoja wanawapigia makofi wageni walio nyuma ya kioo. Makofi, ndiyo. Mashine zimenyamazishwa, kazi imelala, watu wazima wenye wajukuu wanapiga makofi wakiwa na glavu mikononi, makofi ya bubu yasiyosikika hata kidogo, kwa sababu wakubwa walitaka wanunuzi waone kiwanda chenye furaha.

Kati ya waliopiga makofi hayo alikuwamo Babu Fyuzi. Jina hilo alibandikwa na vijana wa zamu, naye hakulikataa. Tangu mkewe afariki hakuona ajabu kuitwa kwa kazi yake, maana kazi ndiyo iliyobaki. Kiwanda kilitengeneza chipu, vile vipande vidogo kama ukucha vinavyofikiri ndani ya kila mashine, na yeye alikaa penye hatua ya karibu na mwisho. Ndani ya kila chipu kulikuwa na uzi wa chuma ambao jicho haliuoni. Mashine yake ilipitisha umeme kidogo, uzi ukaungua, basi. Huo ndio ulioitwa fyuzi. Ukishaungua umeungua; hakuna gundi wala dua ya kuurudisha.

Kwa nini uunguzwe? Hapo ndipo wakubwa walipoingiza mikono yao.

Chipu ilichorwa na mhandisi mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Mapacha. Babu Fyuzi aliishia darasa la tano, lakini mama huyo alimweleza kazi yake kama anayemweleza ndugu yake.

"Humu ndani mna mapacha wawili," alimwambia siku ya kwanza. "Ukiwapa hesabu, wote wanafanya hesabu ileile kwa wakati uleule. Halafu wanaoneshana majibu. Yakifanana, mashine inaendelea. Yakipishana kidogo tu, mashine inasimama papo hapo."

"Sasa si hasara hiyo, mama? Mmoja anafanya kazi, mwingine kazi yake kuchungulia daftari la mwenzake."

"Chipu hukosea, mzee wangu. Joto, vumbi, umeme ukiruka. Pacha akiwa peke yake akakosea, hajui kama amekosea. Atakwambia mlango umefungwa na huku uko wazi, na ataapa."

Chipu hiyo iliitwa Mlinzi. Waliinunua watengenezaji wa lifti, wa breki za treni, wa mashine za hospitali, watu ambao bidhaa zao zikikosea mtu anazikwa. Kwa miaka minane Mlinzi ililisha kiwanda.

Kisha wapinzani, kampuni yenye jengo la vioo upande wa pili wa barabara, wakatoa chipu yenye kasi mara mbili. Haikuwa ya lifti, ilikuwa ya simu na michezo ya watoto, lakini magazeti yaliandika kasi, kasi, kasi, na wakubwa wakaanza kutokwa jasho. Kuchora chipu mpya kungechukua miaka miwili. Ndipo akaletwa mkuu mpya wa masoko, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akaitwa Bwana Kasi kabla hajamaliza wiki.

Bwana Kasi hakuchora kitu. Aliangalia tu mapacha wale akasema: waachanisheni. Kila pacha apewe kazi yake, asichungulie ya mwenzake, na chipu ileile itafanya kazi mara mbili. Ni kuunguza tu ile fyuzi inayowaunganisha. Ikaitwa Mbio. Chipu moja, majina mawili, na wapinzani wakaachwa midomo wazi.

Mama Mapacha alipinga mpaka akapoteza sauti. Hakukataa Mbio, alichotaka ni Mbio itengenezwe kwa umbo lake, hata kona moja tu ikatwe, ili mtu asiweze kuichanganya na Mlinzi. Akaambiwa umbo jipya ni miezi saba na soko halingoji. Jina litachapishwa juu ya chipu mwishoni kabisa, karatasi ya kila trei itaonesha ipi ni ipi, kwani watu hawajui kusoma? Mwezi uliofuata mama huyo alihamishiwa stoo ya vipuri, akawa anagawa skrubu.

Watu wanajua kusoma, ndiyo. Babu Fyuzi naye alijua, ila kwa mwendo wake, kidole kikifuata mstari. Trei zilikuja nyeusi zote, kila moja na chipu mia moja na sitini zisizo na jina. Kwenye rafu, upande wa kushoto zilikaa za kuunguzwa ziwe Mbio. Upande wa kulia zilikaa za Mlinzi, ambazo hupita moja kwa moja kwenda kuchapishwa. Karatasi za trei zilikuwa na herufi ndogo kama chawa. Basi akabuni njia yake. Alichukua vibanio vya nguo vya marehemu mkewe, vya plastiki ya manjano, akavisafisha kwa spiriti kama wanavyosafisha vifaa vyote mle ndani, na kila trei ya Mlinzi ikabanwa kimoja. Manjano, usiguse. Mwaka mzima hakukosea hata mara moja.

Asubuhi ile ya wageni Bwana Kasi aliingia na mpiga picha.

"Haya matakataka ya manjano ni ya nini? Tunafua nguo hapa?"

Watu wakacheka. Kila mkubwa akitania watu hucheka, ndiyo ada ya mshahara. Babu Fyuzi akaambiwa avitoe vyote, akavitoa, akavitia mfukoni. Halafu, wakati wako kwenye mstari wa makofi, aliona kwa macho yake Bwana Kasi akiipanga rafu ipendeze. Kushoto palikuwa na pengo, akachukua trei moja kutoka kulia akaliziba, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia mpiga picha, "Sasa."

Aliona. Hilo ndilo lililokuja kumla baadaye. Aliona, lakini akili haikushika, maana ilikuwa inashughulika na makofi.

Wageni wakaondoka, kengele ikalia, wakaambiwa wafidie muda uliopotea. Akachukua trei za kushoto moja baada ya nyingine akaziunguza. Hakusoma karatasi. Kibanio hakikuwepo, na mkono uliozoea kusimamishwa na manjano ulienda tu.

*

Aligundua kesho yake asubuhi. Mashine yake hujihesabia, na hesabu ya jana ilisema arobaini na moja. Karatasi za Mbio zilisema arobaini. Akahesabu tena kwa kidole. Akahesabu mara ya tatu, na safari hii kijasho chembamba kikaanza kumtoka kwenye uti wa mgongo chini ya ovaroli jeupe. Mashine huandika pia saa na namba ya kila trei, na trei ya ziada ilikuwa pale pale, saa nne na dakika thelathini na mbili: namba nane, na kwenye karatasi namba nane ilikuwa ya Mlinzi. Mapacha wake wote walikuwa wameachanishwa. Kwa kuwa karatasi yake ilisema Mlinzi, mashine ya kuchapa ikaiandika Mlinzi kwa herufi nzuri za kung'aa.

Alikimbia kwa wafungashaji. Mzigo ulikuwa umeondoka alfajiri.

Zamani kila trei ya Mlinzi ilipimwa mara ya mwisho kabla ya kutoka. Bwana Kasi alikuwa amepunguza. Sasa ilipimwa moja kati ya hamsini, kwa jina la wepesi.

Ofisini, Bwana Kasi, mwenye umri wa kuwa mwanawe, hakumwamkia. Alisikiliza huku akiandika kwenye simu. Kisha akaacha kuandika.

"Umemwambia nani?"

"Wewe, mkuu."

"Mwingine?"

"Hakuna."

Bwana Kasi akaenda kufunga mlango, taratibu, mpaka ukalia tiki. Mkubwa akikufungia mlango kwa upole, ujue.

"Sikiliza, mzee. Jumatano tunatangaza Mbio mpya. Wale wa ng'ambo ya barabara wanangoja tujikwae. Tukisema leo rudisheni Mlinzi, kesho hakuna mtu wa lifti wala wa treni atakayetugusa. Kiwanda kitafungwa. Watu mia tisa. Unataka hilo?"

"Lakini mkuu, hizo chipu zikiingia kwenye lifti..."

"Zitafanya kazi. Simu yako ina mapacha? Haina. Inapiga, haipigi?"

"Simu ikikosea inakata. Lifti..."

"Lifti pia itakata." Akacheka kidogo, kisha uso ukarudi ulivyokuwa. "Nani alibonyeza kitufe? Mimi?"

"Wewe uliihamisha trei. Kwa ajili ya picha."

"Nani alibonyeza, mzee?"

Akaletewa karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari, na Bwana Kasi akimtazama kidole. Ilisema kwamba kihesabio cha mashine ya fyuzi kilikuwa kibovu siku ile na kilizidisha moja. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya kiwanda.

Akatia sahihi.

Usiku wa kifo cha mkewe pia alikuwa zamuni mle kiwandani. Aliomba ruhusa, akaambiwa mgonjwa ana madaktari, yeye si daktari, amalize zamu kwa sababu kuna mzigo wa haraka. Mzigo wa haraka wa wakati ule hakuna hata anayeukumbuka. Tangu hapo, kila baya lililotokea duniani, mvua kukata, bei kupanda, meno kuuma, aliwatupia wakubwa, na mara nyingi hakukosea. Lakini alipotoka ofisini siku ile, kwa mara ya kwanza alipowalaani hakupata nafuu yoyote.

Maana mwanawe wa pekee, binti yake, alikuwa fundi wa lifti.

*

Jumapili binti alikuja kama kawaida, na mfuko wa vifaa begani, akaingia hadi jikoni bila hodi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekonda."

"Kila Jumapili nimekonda. Ningekuwa nakonda kweli ningeshapita chini ya mlango." Akafunua sufuria. "Hujapika?"

"Sikusikia njaa."

"Wewe? Basi kuna mgonjwa humu ndani."

Akapika yeye. Walipokaa kula, binti alikuwa na furaha ya kazi mpya. Kampuni yake ilipata majengo kumi na tatu mwezi huu, lifti za kisasa. Zamani, alisema, usalama wa lifti ulikuwa nyaya na vyuma. Mlango ukiwa wazi, vyuma havigusani, umeme hauendi. Siku hizi kila kitu kimekabidhiwa bodi moja juu ya paa la lifti, na ndani ya bodi imo chipu.

"Na unajua chipu gani, baba? Yako! Mlinzi. Nikiwa nimesimama juu ya lile paa, na shimo la ghorofa kumi na moja chini yangu, nawaambia wenzangu: mimi siogopi, baba yangu yuko humu ndani ananiangalia."

Tonge likamkwama. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, binti akampiga mgongo akicheka, akidhani ni chakula.

"Hizo bodi," akasema alipopata pumzi, "mmezipokea lini?"

"Wanaleta kila wiki. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alikuwa na nafasi ya kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Aliiona ile karatasi na sahihi yake iliyokwenda upande kama panya aliyekanyagwa, akaona aibu, na aibu ikashinda hofu. Akasema, "Lete maji."

Baada ya hapo hakuwa na siku. Alipanda ngazi popote alipokwenda. Kliniki ya macho ilikuwa ghorofa ya saba, alifika juu anahema kama mvukuto, daktari akampima presha badala ya macho. Simu ikiita moyo unamlipuka. Isipoita ni vibaya zaidi. Kila mchana, saa sita kamili, alimpigia binti kuuliza kama amekula, mpaka wenzake wa kazini wakaanza kumtania kwamba ana bwana mwenye wivu. Mazungumzo ya watu kuhusu Mbio mpya na jinsi ilivyowabwaga wapinzani hakuyasikia. Kiwandani walitundika bango kubwa: picha ya rafu ile, imepangwa vizuri, haina pengo, haina cha manjano. Alipita chini yake kila asubuhi akitazama sakafu.

Mara mbili alikwenda stoo kumtafuta Mama Mapacha. Mara ya kwanza akarudia mlangoni. Mara ya pili aliingia akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Mlinzi ikiunguzwa kwa bahati mbaya, itachukua muda gani kukosea?"

Yule mama aliacha kuhesabu skrubu.

"Inaweza kukaa miaka kumi bila kosa. Inaweza kukosea kabla hujafika nyumbani," akasema. "Mzee wangu, kuna kitu?"

"Hakuna kitu."

"Kama kuna kitu, usiniletee mimi kwa kunong'ona. Mimi nilishapiga kelele, umeona waliponiweka. Kipeleke kwa anayesimama juu ya mashine yenyewe."

*

Jumamosi ya wiki ya tatu binti alikuja mchana, siku isiyo yake. Hakutania. Aliketi kwenye kiti cha mama yake, akakunjua mikono juu ya meza.

"Leo lifti imenisogea, baba."

"Imekusogea vipi?"

"Nilikuwa juu ya paa. Swichi ya fundi iko kwangu, mlango wa ghorofani uko wazi, mimi sijagusa kitu. Haitakiwi kwenda popote. Ikapanda. Shibiri moja, ikasimama. Kichwa changu kilikuwa hapa na boriti hapa." Akaonesha kwa vidole viwili. Vidole hivyo havikuwa mbali. "Mkubwa wangu anasema nimekanyaga kitufe. Sijakanyaga. Mimi najua miguu yangu iko wapi."

Babu Fyuzi akatafuta kiti akakikosa, akajikuta ameketi juu ya ndoo.

Akamwambia. Yote: vibanio, makofi, trei, picha, mlango uliofungwa taratibu. Alisema haraka haraka, na kila alipofika kwenye jina la Bwana Kasi alilitemea. Wakubwa hawa, mwanangu. Wakubwa hawana roho. Walimuua mama yako kwa zamu, sasa wanataka kukuua wewe kwa picha. Wakubwa...

"Baba."

"...hawajawahi kushika trei maishani mwao..."

"Baba. Umejua tangu lini?"

Akashika mpini wa ndoo aliyokalia.

"Ile Jumapili uliyokohoa?"

"Nilikuwa nimetishwa, mama. Karatasi..."

"Karatasi ilisema nini?"

"Kwamba kihesabio kibovu."

"Na wewe ukatia sahihi."

Nje mtu alikuwa anaosha gari, ndoo ikigonga saruji.

"Wiki tatu," binti akasema, kwa sauti ya chini iliyomtisha kuliko kelele. "Wiki tatu unanipigia saa sita kuniuliza kama nimekula. Wakubwa, wakubwa. Sawa, wao ni mbwa. Lakini kidole ni chako baba, na mdomo ni wako."

Akasimama akachukua mfuko wake wa vifaa.

"Unaenda wapi?"

"Kuiangalia. Namba ya siku inachapwa juu ya chipu, sivyo?"

"Mia moja ishirini na tisa. Siku ya mia moja ishirini na tisa ya mwaka, halafu mstari, halafu nane. Mama, usipande tena kwenye kile kitu."

"Nitajuaje bila kupanda? Bodi iko paani. Lazima niisogeze lifti mpaka paa lilingane na sakafu, ndipo umeme uzimwe nifungue. Wewe unakuja. Utashika swichi kubwa. Nikikwambia zima, zima. Usifikiri, zima."

Jengo lilikuwa la ofisi, tupu kwa Jumamosi. Askari wa getini aliijua sare ya binti, akawafungulia bila maneno. Babu Fyuzi aliwekwa mbele ya sanduku la umeme ghorofa ya kumi na moja, mkono juu ya swichi nyekundu kubwa kama sabuni. Hatua nne mbele yake mlango wa lifti ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo, na ndani palikuwa giza na harufu ya grisi. Binti alishuka kwenye lile giza akawa kofia tu ya njano, halafu sauti tu.

"Napandisha."

Ikanguruma. Kofia ikatokea polepole, mabega, kiuno. Babu Fyuzi hakupumua. Mkono wake kwenye swichi uliloa jasho mpaka aliogopa utateleza, akauongezea wa pili. Alijiuliza, ikikosea sasa, atasikia kwanza au ataona kwanza. Aliwaza kwamba alishawahi kuwa upande wa pili wa ukuta mtu wake akifa, na kwamba Mungu hawezi kumfanyia mtu mmoja jambo moja mara mbili. Halafu akawaza, kwa nini asiweze?

"Zima!"

Akazima kwa mikono miwili. Kimya kikaanguka.

Alisikia bisibisi ikizunguka. Alisikia kifuniko cha bati kikitolewa. Kisha hakusikia kitu kwa muda ambao hakujua ni dakika ngapi.

"Mama?"

"Nipo." Mwanga wa simu ulikuwa umeuchora uso wake kwa chini. "Mlinzi. Moja, mbili, tisa. Mstari. Nane."

*

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa Bwana Kasi, na chipu ikiwa ndani ya kibahasha. Babu Fyuzi alikuwa ameshatia akilini kwamba kazi imekwisha na nyumba imekwisha, na kwa sababu hiyo alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza. Alisema sahihi yake ilikuwa uongo, na kwamba hata huu ukweli atautilia sahihi, popote, mbele ya yeyote. Binti hakusema mengi. Alitaka kitu kimoja.

"Nipe orodha ya waliouziwa trei hiyo. Chipu mia moja na sitini. Moja ninayo. Nataka mia moja hamsini na tisa."

"Mama, orodha ya wateja ni siri ya biashara," Bwana Kasi akasema. Hakuwa tena na kicheko, na jicho lake moja lilikuwa linacheza. Huyu naye alikuwa anaogopa; ila hofu yake ilikuwa ya wapinzani wa ng'ambo ya barabara. "Ikivuja, jioni hii wanazungukia kila mteja wetu. Acha hiyo chipu hapa tuipime."

"Haibaki hapa."

"Basi sina la kukusaidia. Na hata ningekuwa nalo: wakala huzimimina pamoja, trei ya leo na ya mwezi jana, anawagawia watengeneza bodi kwa kilo kama maharage. Hakuna mtu anayejua ipi ilikwenda wapi. Hakuna. Si kwamba nakuficha."

Hilo la mwisho, Babu Fyuzi aliona, lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia baridi. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba wakubwa wanajua na wanaficha. Hakuwahi kufikiri kwamba hawajui.

Adhuhuri alirudisha kitambulisho getini. Mama Mapacha alitoka stoo akawapa anwani ya ofisi ya serikali ya usalama wa mashine, akaandika na barua kwa mkono wake. Karani wa ofisi hiyo aliipokea, akaigonga mhuri, akasema watajibiwa ndani ya siku ishirini na moja. Mkubwa wa binti alikubali kuisimamisha lifti ile moja. Zile nyingine, alisema, zina mikataba. Hawezi kusimamisha lifti za majengo kumi na mawili kwa sababu ya maneno ya mzee aliyefukuzwa kazi.

"Usiende kazini kesho," Babu Fyuzi akamwambia binti.

"Nisipokwenda atakwenda mwingine asiyejua. Mimi angalau naogopa."

Asubuhi ya Jumatano, siku ya pili kati ya ishirini na moja, alikuwa ameketi kitandani na kiatu kimoja mguuni, akisahau alitaka kwenda wapi, maana hakuwa na kazi ya kwendea. Simu ikaita. Saa mbili na dakika tano.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Hospitali mpya, ile ya ghorofa tisa. Lifti zao tuliziweka wiki jana, leo wanazizindua. Nimewaomba nizikague kwanza, mkurugenzi amekataa, anasema kuna wageni wanakuja na wagonjwa washahamishwa." Nyuma yake palikuwa na kelele, magurudumu ya vitanda, mtu akiita jina la mtu, mtoto akilia. "Nimejisimamisha mlangoni mwa lifti. Askari wawili wananiambia nipishe. Kuna mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu, amefunikwa mpaka kidevuni, ananiangalia mimi."

"Usiwapishe."

"Watanitoa, baba. Nimebakiza dakika moja. Bodi zake niliziweka kwa mkono wangu, na sikuangalia namba, sikuwa najua." Sauti yake ikashuka, kama mtu aliyegeukia ukuta asisikiwe na wengine. "Baba, chipu zote wewe ndiye uliyezishika. Hii ya hapa ni ya trei gani?"